Kasiksi ya nyumbani: siku tatu, mtama kidogo, na swali la maji

Mu Goma kuko pombe za aina mbili kubwa. Ya kwanza inafika na lori, iko mu kase, iko na kifuniko, na nguvu yake imeandikwa ku chupa. Ya pili inafika na bidoni ya njano, haina maandishi yoyote, na ikikaa siku nne inakuwa kitu kingine kabisa. Hii ya pili ni kasiksi, pombe ya ndizi, na kwa nyumba nyingi za huku ndiyo iliyolipa masomo ya watoto.

Ile ya lori imepata shida. Tangu vita ilipoingia mjini mwezi wa kwanza 2025, mabenki yalifunga milango na barabara zikawa ngumu. Mwezi wa sita mwaka uo huo, kampuni Heineken, iliyokuwa na Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imeondoa wafanyakazi wake waliobaki Goma na Bukavu, juu haikuwa tena na usimamizi wa mali zake. Chupa ya Primus inahitaji kiwanda, lori, mafuta na benki. Kasiksi inahitaji ndizi, mtama, maji, na mama mmoja mwenye kujua kazi. Ndiyo maana inafaa kueleza namna inavyotengenezwa, na wapi hatari iko kweli, maana watu wengi wanaogopa fasi isiyofaa.

Ndizi kwanza. Mtu aliyekulia Kivu hawezi kuchanganya: bitoke ni za kupika, makemba ni za kukaanga, na ziko nyingine ambazo hakuna mtu anaziweka mu sufuria. Ni chungu, zinakaza kinywa. Uchungu huo unatokana na tanini, na ni ndizi hizo hizo zenye kutoa maji mazuri ya pombe. Aina ni nyingi. Kuko zile za asili za milimani, kuko Kayinja, na kuko Yangambi Km 5, jina linalotoka ku kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, karibu na Kisangani. Zinafika Goma kutoka Masisi, Rutshuru, upande wa Minova na Kalehe, na kisiwa cha Idjwi, ambako zinavuka ziwa na mtumbwi hadi Kituku.

Ndizi za kasiksi haziachwe ziive ku mti. Zinakatwa zikiwa zimekomaa, kisha zinaivishwa zote pamoja, siku nne hadi sita hivi. Kijijini wanachimba shimo, wanalitandika majani ya mgomba, wanapanga ndizi, wanafunika, na moshi wa moto mdogo unapitishwa pembeni ili kuleta joto. Mu Goma kazi hiyo ni ngumu. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, na kule lava ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilipopita, jembe halina la kufanya. Kwa hiyo mjini wanatundika ndizi juu ya jiko, mu chumba chenye moshi, ao wananunua zilizokwisha kuiva. Wengine hawashughuliki na ndizi kabisa: wanaleta maji yake tayari kutoka kijijini.

Kwa nini ziive pamoja? Juu ndizi mbichi ina wanga, na hamira haili wanga. Inakula sukari. Ndizi kumi mbichi ndani ya shimo zinapunguza pombe ya shimo zima. Zikipita kuiva napo, nyama yake inakuwa uji na maji hayatoki.

Kukamua ndiyo sehemu inayomshangaza mgeni. Ndizi zilizomenywa zinatiwa mu muvure, ule mti uliochongwa kama mtumbwi, zinachanganywa na majani makavu na makali ya porini, halafu zinakandwa kwa mikono ao kukanyagwa kwa miguu. Hakuna maji yanayotiwa mwanzoni. Majani yale yanashika nyama ya ndizi, na baada ya muda maji yenyewe yanaachana na uji na kutoka masafi, yenye rangi nzuri, matamu kama asali. Hayo ni mutobe. Watoto wanakunywa, wajawazito wanakunywa, hayana kilevi. Mwenye mkono mzuri anajulikana hapa, kabla pombe haijaanza.

Kisha anaamua jambo moja ambalo mnunuzi hatalijua kamwe: atie maji kiasi gani. Makapi yaliyobaki bado yana sukari, kwa hiyo yanamwagiwa maji na kukamuliwa mara ya pili. Ukitia kidogo, kasiksi inakuwa nzito na yenye nguvu. Ukitia mingi, bidoni zinaongezeka na nguvu inashuka. Bidoni mbili zenye rangi moja, soko moja, bei moja, zinaweza kutofautiana kabisa, na mtu aliyezoea ya kwake akipewa ya jirani ataanguka mapema ao atalalamika kwamba ameuziwa maji.

Mtama unafuata. Unakaangwa kidogo, ao unaoteshwa na kukaushwa, halafu unasagwa bila kulainishwa sana. Unaleta rangi, harufu na chakula cha hamira. Hamira yenyewe hainunuliwi: iko ku ndizi, ku chombo, na ku masira ya pombe iliyotangulia. Hapo tu kasiksi inakuwa ndugu wa pombe zingine za eneo lote. Urwagwa ya Rwanda na tonto ya Uganda zinafuata njia karibu ile ile ya ndizi na mtama. Wachaga wa Kilimanjaro wanapika ndizi zao, wanatia kimea cha ulezi na ganda la mti wa msesewe lenye uchungu, na inaitwa mbege.

Muvure unafunikwa na majani ya mgomba, mara nyingi na blanketi juu. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari, usiku ni baridi, na hamira inapenda joto. Siku ya kwanza kasiksi ni tamu bado. Siku ya pili inachemka yenyewe, povu linapanda, utamu unapungua. Siku ya tatu iko tayari. Baada ya hapo vijidudu vingine vinachukua zamu na kugeuza kilevi kuwa siki. Hakuna dawa ya kuvisimamisha nyumbani. Mtu anayefunga bidoni kwa nguvu ili pombe isiharibike anajidanganya, maana hewa ya ndani haina fasi ya kutokea na bidoni inavimba hadi ipasuke. Kifuniko kilegezwe.

Kwa hiyo kasiksi inapikwa kidogo kidogo si kwa sababu mwenye kupika ni maskini. Hata mwenye pesa hawezi kuweka stoku. Ya arusi ya Jumamosi inaanza Jumatano ao Alhamisi, na ndizi zake zinakatwa juma lililotangulia. Barabara ikifungwa katikati, arusi inakosa pombe. Kuko pia majira yake: kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane ndiyo wakati wa arusi, na mtama mpya unafika karibu na wakati huo, ndiyo maana na musururu, pombe nyepesi ya mtama, inaonekana zaidi.

Sasa hatari. Watu wanazungumza sana juu ya pombe za kienyeji zenye kupofusha macho, na wanatia kasiksi ndani ya kapu moja na kanyanga. Si haki. Matunda yote yakichacha yanatoa metanoli kidogo, kitu kile kinachoua na kupofusha. Ndani ya kasiksi inabaki kidogo, imeyeyuka ndani ya maji mengi. Kanyanga inatengenezwa kwa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, na kazi hiyo ikifanywa bila ujuzi, metanoli inakusanyika pamoja na kilevi. Mbaya zaidi ni ile ambayo muuzaji ameichanganya na alkoli ya viwandani. Askari anayemwaga bidoni ya kasiksi akifikiri ameokoa macho ya watu, amekosea bidoni. Kusema hivyo si kusema kasiksi haidhuru: inalevya, na mlevi wa kasiksi anavunja nyumba sawa na mlevi wa Primus.

Hatari ya kasiksi iko ku maji. Goma inajua kolera kuliko miji mingi ya dunia. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa hapa, ugonjwa huo uliua makumi ya maelfu ndani ya majuma machache, na tangu wakati ule haujaondoka kabisa ku kingo za ziwa. Watu wengi bado wanachota ziwani. Maji yale yanayomwagwa juu ya makapi ni ya wapi? Asidi ya pombe iliyokomaa inaua vijidudu vingi vya kolera, hiyo ni kweli, lakini mutobe si chachu namna hiyo, na kasiksi ya siku moja pia bado. Mnunuzi anayetaka ya tamu, ya mapema, ndiye yuko karibu na hatari. Dawa ni rahisi kusema: maji yachemshwe na kuachwa yapoe kabisa kabla ya kutiwa, maana ya moto yanaua hamira. Ao yatiwe klori kwa kipimo na kusubiri nusu saa. Makala hugharimu, na hapo ndipo wengi wanakata njia.

Vyombo pia. Bidoni iliyobeba mazutu ao dawa ya shamba haisafishwi na sabuni, plastiki imekwisha kunywa sumu. Pipa la chuma halifai, juu asidi inakula chuma na kuichukua ndani ya kinywaji. Na kikombe kimoja kinachozunguka watu ishirini wakati wa mlipuko wa kolera, hata pombe ikiwa safi namna gani, kinafanya kazi ya ugonjwa.

Tishio lingine liko shambani, na linaenda polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Masisi ilianza kuona migomba inanyauka, matunda yanaiva kabla ya wakati na ndani yana rangi ya kahawia. Ni mnyauko wa bakteria, ambao Rwanda wanauita kirabiranya. Ulijulikana kwanza Ethiopia, Uganda ikaugundua mwaka 2001. Hauna dawa ya kupuliza. Kayinja, ndizi ya pombe, ndiyo inaugua haraka, juu wadudu wanabeba bakteria hadi ku kidonda kinachobaki ua linapodondoka. Mkulima anaweza kuupunguza kwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara tu mkungu unapomaliza kutoa vichana. Panga lipitishwe ku moto kati ya mti na mti. Na mti mmoja ukiugua, ukatwe huo peke yake chini kabisa, kila mara alama zinapoonekana. Zamani waliambiwa wang'oe kitalu chote, na wengi walikataa. Njia ya mti mmoja mmoja ilijaribiwa Kivu na imeonekana kusaidia, mradi mkulima asichoke na jirani naye afanye. Mwenye shamba aliyekimbia vita hawezi kupita kila juma, na migomba yake inabaki ikiambukiza ya wengine.

Pombe ikikwisha mu muvure, masira ya chini hayatupwi. Nguruwe na kuku wanapata sehemu yao, na kikombe kimoja kinawekwa pembeni, kimefunikwa na jani, kwa ajili ya kuamsha kasiksi ya juma lijalo.