Mokoto: maziwa manne nyuma ya Kitshanga

Mchimbaji wa Rubaya anajua mlima kwa ndani. Anajua ule udongo mweupe wa kufuata, anajua kuosha mchanga mpaka koltani nyeusi ibaki chini. Mokoto iko katika teritware ileile ya Masisi, lakini wachache ndio wanatoka machimboni kwenda kuitazama tu. Wengi waliofika huko walifika na godoro kichwani, wakikimbia.

Ni maziwa manne: Ndalaga, ambalo ndilo kubwa, kisha Lukulu, Mbalukia na Mbila. Yako Bashali-Mokoto, upande wa Kitshanga, katikati ya vilima vya majani ambako ng'ombe wanakula. Zamani mito ilikuwa inapita tu pale mabondeni. Lava ya volkano ikashuka, ikaziba njia, maji yakapanda. Kama unataka kuona lava ya juzi juzi, simama Sake: ile ya Nyamulagira, iliyoanza kutoka mwaka wa 1938, ilifika mpaka ndani ya ziwa Kivu.

Nasema ya juzi, kwa sababu mawe ya machimbo ni wazee kabisa. Mawe yenye koltani ya Rubaya na kasiteriti ya Bisie, kule Walikale, yana miaka karibu bilioni 1. Volkano zetu mbele yao ni watoto wachanga.

Kando ya maji kuna monasteri. Watawa Watrapisti kutoka Scourmont, Ubelgiji, waliianzisha mwaka wa 1954. Walichagua pazuri, na pa kimya. Kimya hicho hakikudumu.

Vita ambayo wazee wanaita ya 1993 iliwaka kwanza Walikale, kwenye soko la Ntoto, mwezi wa Machi. Watu walikuwa wameenda kuuza na kununua, wakauawa palepale. Moto ukapanda mpaka Masisi. Miaka mitatu baadaye familia zilizofukuzwa vijijini, wengi wao Watutsi, zilijificha kwa watawa wa Mokoto. Mei 1996 monasteri ikashambuliwa, watu wengi wakauawa. Watawa nao wakakimbia. Jumuiya yao ikapata makao Keshero, Goma. Katika miaka ile hakuna jamii ya Masisi ambayo haikuzika wake, kwa hiyo sioni faida ya kuhesabu hapa nani alilia zaidi. Lakini mtoto anayeonyeshwa ziwa aambiwe pia kilichotokea kando yake. Kumficha si kumlinda.

Njia yenyewe: kutoka Goma unapita Sake, unapanda milima mpaka Kitshanga, halafu unaacha barabara kubwa. Wakati wa mvua, hata wenye moto wanasukuma. Kitshanga iliungua katika mapigano ya 2013, na Januari 2023 M23 wakaingia. Rubaya ilifuata mwaka wa 2024. Basi usifunge safari kwa sababu tu jua limetoka. Piga simu kwanza kwa mtu anayelala kule, umuulize njia ya leo, si ya wiki iliyopita. Ukifika, jionyeshe kwa chifu, mwambie umekuja kutazama maji. Na simu ibaki mfukoni kwenye kila bariyeri. Picha utapiga mbele, ukiona Ndalaga.