Pipa Lenye Lebo ya Uongo: Mikataba ya Ugavi na Malighafi Iliyobadilishwa kwa Siri

Katika biashara ya ugavi, kubadilisha malighafi bila idhini ni kitendo cha muuzaji kuleta kitu tofauti na kilichoandikwa katika mkataba, kwa jina lilelile na mara nyingi kwa hati zilezile, bila kumwarifu mnunuzi wala kupata kibali chake. Waya wa alumini uliopakwa shaba huuzwa kama waya wa shaba, nondo za daraja la chini hufikishwa kwenye ujenzi uliolipia daraja la juu, na dizeli huongezwa mafuta ya taa. Lakini hakuna bidhaa inayodhihirisha ubaya wa jambo hili kuliko dawa ya maji ya watoto, kwa kuwa hapo faida ya wafanyabiashara wachache imelipiwa, tena zaidi ya mara moja, kwa uhai wa watoto waliokuwa na homa au kikohozi tu.

Dawa nyingi za maji hutengenezwa kwa kuyeyusha kiambato cha tiba katika kimiminika kizito chenye utamu, ama glisarini ama propilini glaikoli, ambavyo vikiwa safi kwa kiwango cha dawa mwili huvimudu bila shida. Vipo vimiminika viwili vinavyokaribiana navyo sana kikemia, dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli, ambavyo hutumika viwandani, kwa mfano katika vipoza injini na maji ya breki, na ambavyo navyo havina rangi, vina utamu na kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini. Macho, pua na ulimi haviwezi kuvitofautisha na vile salama. Tofauti hujitokeza ndani ya mwili, ambako hugeuzwa kuwa asidi zinazoharibu figo, mtoto akaacha kukojoa na hali yake ikazorota kwa siku chache. Ndiyo maana viwango vya dawa vinavyofuatwa kimataifa haviruhusu sumu hizi zizidi asilimia 0.10 katika glisarini.

Mwaka 2006 nchini Panama watu zaidi ya 100 walikufa baada ya kunywa dawa ya kikohozi iliyotengenezwa na maabara ya mfuko wa serikali wa hifadhi ya jamii. Mapipa 46 yaliyonunuliwa kama glisarini yalitoka katika kiwanda cha mkoa wa Jiangsu, China, ambacho hakikuwa na kibali cha kutengeneza malighafi ya dawa, yakapitia kwa kampuni ya biashara ya Beijing, kisha kwa dalali wa Barcelona, ndipo yakamfikia mwagizaji wa Panama aliyeiuzia serikali. Pamoja nayo kilisafiri cheti cha uchambuzi, yaani hati inayoeleza matokeo ya vipimo vya maabara vya shehena husika, kikidai kwamba usafi wa glisarini hiyo ulikuwa asilimia 99.5. Cheti hicho kilikuwa kikiandikwa upya kila kilipobadilisha mikono, jina la muuzaji mpya likawekwa na la mtengenezaji halisi likafutwa, kiasi kwamba mnunuzi wa mwisho hakuwa na namna ya kujua kiwanda gani kilijaza mapipa yale. Katika safari hiyo ya mabara matatu hakuna aliyefungua pipa akapima kilichomo, na hata yalipokaa ghalani Panama kwa zaidi ya miaka miwili, kilichobadilishwa kilikuwa ni tarehe ya mwisho ya matumizi.

Inauma zaidi kukumbuka kwamba Panama haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Miaka 10 kabla yake, watoto wasiopungua 80 walikufa nchini Haiti kwa dawa ya homa iliyotengenezwa kwa glisarini iliyopitia mikononi mwa madalali wa Ulaya kwa mtindo uleule, na kati ya 2008 na 2009 watoto 84 walikufa Nigeria kwa dawa ya kutuliza maumivu ya kuota meno. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Gambia, Indonesia na Uzbekistan, na ilipofika Januari 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba vifo katika nchi hizo tatu vimezidi 300, vingi vikiwa vya watoto wa chini ya miaka 5. Kesi ya Indonesia inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu waendesha mashtaka walieleza mahakamani kwamba mizigo iliyopokewa kiwandani kama propilini glaikoli ilikuwa na ethilini glaikoli kwa kiwango cha asilimia 96 hadi 99. Huo haukuwa uchafu ulioingia kwa bahati mbaya, kwani kitu kizima kilikuwa kimeondolewa na kingine kikawekwa mahali pake. Na wakuu wa kiwanda cha dawa, waliotegemea vyeti vya msambazaji bila kupima wenyewe, walihukumiwa mwaka 2023 kifungo cha miaka 2 kwa uzembe.

Chanzo cha udanganyifu huu ni pengo la bei kati ya vitu viwili vinavyofanana, na palipo na pengo hilo mkataba peke yake hautoshi. Tanzania ilijifunza hayo katika mafuta, pale mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, uchakachuaji ukaenea; kuanzia 2010 vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, vilianza kuwekwa katika mafuta yaliyolipiwa kodi ili mkaguzi aweze kugundua kituoni kama yamechanganywa, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa kishawishi chenyewe. Kenya nayo iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo hilohilo, ingawa katika nchi zote mbili mzigo uliangukia pia kaya maskini zinazopikia na kuwashia taa mafuta hayo, gharama ambayo haifai kupuuzwa. Kwa malighafi ya dawa hakuna waziri wa fedha anayeweza kusawazisha bei ya glisarini na ya kipoza injini, kwa hiyo ulinzi hauna budi kujengwa ndani ya mkataba na mlangoni mwa ghala.

Mkataba unaofaa humtaja mtengenezaji wa asili na kiwanda chake badala ya kuishia kwa dalali, hudai cheti cha uchambuzi kilichotolewa na mtengenezaji huyo na kinachoweza kuthibitishwa kwake moja kwa moja, na humlazimisha muuzaji kutoa taarifa ya maandishi na kusubiri kibali kabla ya kubadilisha kiwanda, daraja la malighafi au njia ya utengenezaji. Maneno yanayoonekana mara kwa mara katika zabuni, "au inayolingana nayo", yaliwekwa kwa nia njema ili kuzuia upendeleo wa chapa moja, lakini yakiachwa bila kueleza nani ataamua ulinganifu huo, kwa kipimo gani na kabla ya hatua ipi, humpa mzabuni ruhusa ya kujiamulia mwenyewe. Kifungu kingine kinachosahaulika ni haki ya mnunuzi kukagua ankara za manunuzi za muuzaji, ambazo mara nyingi husema ukweli kuliko lebo: aliyeuza tani 10 za glisarini ya daraja la dawa huku ankara zake zikionyesha kwamba alinunua tani 2 tu, ana swali zito la kujibu.

Hata hivyo kifungu chenye uzito kuliko vyote ni kile kinachomfunga mnunuzi mwenyewe, yaani wajibu wa kuchukua sampuli kutoka kila pipa na kuipima kabla pipa halijaingia katika uzalishaji. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania, zilizofuata mfano wa Uingereza, humpa mnunuzi haki ya kukataa bidhaa isiyolingana na maelezo, lakini haki hiyo hudhoofika akikaa na mzigo muda mrefu bila kuukataa, hivyo anayeahirisha ukaguzi hujipunguzia pia kinga ya kisheria. Katika taasisi za umma kazi hii ni ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, ambayo mahali pengi huhesabu maboksi, hulinganisha idadi na hati ya kupelekea mzigo, kisha hutia saini. Kamati ya namna hiyo imethibitisha idadi tu, na saini yake haipaswi kuruhusu malipo mpaka majibu ya maabara yawepo na sampuli ya akiba, iliyofungwa kwa lakiri mbele ya pande zote mbili, iwe imehifadhiwa kwa ajili ya mgogoro unaoweza kutokea.

Umuhimu wa kukubaliana mapema juu ya sampuli na maabara ya usuluhishi ulionekana Aprili 2024, mamlaka za Kenya, Tanzania na Rwanda zilipochukua hatua ya kuliondoa sokoni toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto baada ya maabara ya Nigeria kuripoti kiwango kikubwa cha dayethilini glaikoli, huku mtengenezaji akisema vipimo vyake havikuikuta. Katika ubishi wa aina hiyo mzazi hana la kushika, na mamlaka zilifanya sawa kuondoa dawa kwanza na kuacha ubishi uendelee baadaye.

Hoja ya kwamba upimaji ni ghali kwa viwanda vidogo vya Afrika haina nguvu kama inavyodhaniwa. Njia iliyopendekezwa na WHO ina hatua mbili, na ile ya kwanza hutumia kromatografia ya tabaka jembamba, ambapo tone la sampuli huwekwa kwenye bamba lililopakwa unga maalumu na kuachwa lipande pamoja na kiyeyusho mpaka viambato vyake vitengane. Sampuli zinazotiliwa shaka tu ndizo hupelekwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, ambayo maabara za kitaifa za Nairobi na Dar es Salaam zinayo. Kiwanda kinachoweza kununua pipa la glisarini kinaweza kumudu bamba hilo.