Nondo wa Mchana: Ainisho na Mtawanyiko wa Familia ya Zygaenidae

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Butembo au Beni aliyesomeshwa biolojia kwa Kifaransa amezoea kuwagawa wadudu hawa katika vipepeo wa mchana na vipepeo wa usiku. Kiswahili sanifu kina majina mawili: kipepeo, linalohusiana na kitenzi pepea, na nondo, ambaye watu wengi humdhania kuwa wa usiku tu. Familia ya Zygaenidae inaitatiza migawanyo yote miwili. Wadudu wake ni nondo, lakini wengi wao huruka juani, wakiwa na rangi nyekundu, ya manjano au ya buluu ing'aayo. Makala haya yanaeleza ainisho na mtawanyiko wao, na funzo wanalompa mtunga istilahi.

2. Ainisho

Mwaka 1758 Linnaeus alimtaja mdudu wa Ulaya mwenye madoa sita mekundu, akamweka katika jenasi Sphinx. Mwaka 1775 Fabricius aliunda jenasi Zygaena, na mwaka 1809 Latreille akaunda familia. Leo familia hiyo ina spishi zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa katika nusufamilia tatu: Zygaeninae, Procridinae na Chalcosiinae.

Saa ya kuruka si kigezo cha ainisho. Hata vipapasio havitoshi: vya kipepeo huwa na kirungu nchani, lakini vya Zygaena navyo hunenepa kuelekea nchani. Dalili iliyo bora ni unywele mgumu wa bawa la nyuma unaoshikamana na bawa la mbele; nondo wengi wanao, na vipepeo karibu wote hawana. Tena, vipepeo ni tawi moja la nasaba, hali nondo ni matawi mengine yote yaliyobaki. Kwa hiyo neno nondo linafaa katika mazungumzo, lakini halitaji kundi moja la kimaumbile.

3. Mtawanyiko

Jenasi Zygaena, yenye spishi zipatazo 100, huishi Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Asia hadi maeneo ya kati. Jamaa yake Reissita hupatikana Yemen na Dhofar, nchini Oman. Neurosymploca ni ya Afrika ya Kusini. Chalcosiinae ni wa Asia hasa. Katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, ikiwemo ya Kongo, mna Saliunca wa nusufamilia ya Procridinae.

4. Rangi na sumu

Rangi hizo ni onyo kwa ndege. Mwaka 1962 ilithibitishwa kwamba Zygaena akisetwa hutoa sianidi, katika hatua zote za maisha yake. Sumu hiyo hutokana na linamarini na lotaustralini, ambazo ndizo zilizomo katika muhogo. Kiwavi huzipata katika majani anayokula, na pia huzitengeneza mwenyewe. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba mdudu na mmea walifikia njia ya kuzitengeneza kila mmoja kwa upande wake, bila kurithishana.

Jambo hili si geni jikoni. Anayeloweka na kuanika muhogo, au anayetwanga sombe na kuichemsha kwa muda mrefu, huitoa sumu hiyohiyo. Palipokosekana uangalifu huo, muhogo mchungu ulileta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa na Trolli nchini Kongo mwaka 1938.

5. Hitimisho

Nondo pia ni chuma cha ujenzi. Katika Kiswahili sanifu upatanisho huondoa utata: nondo huyu ameruka, nondo hii imepinda. Katika mazungumzo ya Butembo na Beni, ambako upatanisho wa viumbe mara nyingi haufuatwi, msaada huo hupungua. Kwa sababu hiyo inafaa kusema nondo wa mchana kama maelezo, na kuacha jina la Kilatini litaje familia. Istilahi inayojengwa juu ya saa au rangi pekee humpotosha mwanafunzi; inayojengwa juu ya nasaba humwezesha kumtambua nondo hata akimwona juani, na kuuliza kwa nini mdudu mzuri hivyo haogopi kuonekana.