Tusome Kibandiko Kabla ya Kulipa: Kipuri Kinacholisha Kompyuta Nzima

Kompyuta ya mezani imekuwa sehemu ya vyombo vya nyumba katika familia nyingi. Mtoto huifanyia kazi za shule, mama huwekea hesabu za biashara yake, na baba huandikia barua zake. Na kwa kuwa iliyo kamili dukani ni ya bei kubwa, wengi huamua kununua vipuri kimoja kimoja, kisha humpa fundi aviunganishe. Uamuzi huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba kipo kipuri kimoja ambacho hununuliwa mwisho kabisa, kwa fedha iliyobaki, ilhali ndicho kinachowalisha wenziwe wote. Nacho ni kile kisanduku cha kugeuzia umeme ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

Sisi tulilipata somo hili kwa gharama. Ofisi ya kamati ya msikiti wetu iliunda kompyuta ya kuhifadhia kumbukumbu za madrasa. Tulichagua prosesa kwa makini, tukauliza sana juu ya diski, na mwishoni tukabaki na fedha kidogo. Muuzaji akatutolea pawa saplai iliyoandikwa “wati 500” kwa herufi kubwa, kwa bei iliyotufurahisha. Mwaka haukuisha. Jioni moja umeme ulikatika na kurudi, tukasikia mlipuko mdogo, na harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Fundi alipofungua alitueleza kuwa kifaa kile hakikufa peke yake, bali kiliondoka na ubao mama pamoja na diski. Orodha ya ada za wanafunzi ya miaka miwili ilipotea. Tukawaomba wazazi watuletee risiti zao ili tuanze upya. Waliokuwa wamezitupa, ilitubidi tulipokee neno lao tu.

Baada ya hapo ndipo tulipokisoma kibandiko kwa mara ya kwanza. Kazi ya pawa saplai ni kupokea umeme wa ukutani, ambao kwetu ni mkondo geu wa volti 230, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kompyuta za leo hutegemea zaidi volti 12, kwani prosesa na kadi ya picha hula hapo. Ubavuni mwa kila pawa saplai kuna jedwali linaloonyesha ampea za kila kundi. Chukua ampea za volti 12, uzidishe kwa 12, nawe utapata wati zinazofika mahali penye kazi. Kifaa chetu kilionyesha ampea 18. Mara 12, ni wati 216. Zile 500 za herufi kubwa zilikuwa pambo la sanduku. Kifaa cha kweli cha wati 550 huonyesha ampea 45 hivi, yaani wati 540. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne anaiweza, nasi watu wazima hatukuifanya.

Sasa, familia inahitaji wati ngapi? Kompyuta ya kuandikia, kusomea na kutazamia masomo, isiyokuwa na kadi ya picha ya pekee, kwa kawaida haizidi wati 150 hata ikifanya kazi kwa bidii. Kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 300 au 400 yatosha na kubaki. Kijana anayetengeneza video au kuchora ramani za majengo atataka zaidi. Tuchukue mfano wa prosesa ya Intel Core i5-12400, inayoweza kufika wati 117, pamoja na kadi ya GeForce RTX 3060, inayotumia wati 170. Jumla ni 287. Ongeza wati 60 hivi za ubao, kumbukumbu, diski na feni, utakaribia 350. Mtengenezaji wa kadi hiyo hupendekeza pawa saplai ya wati 550, na ushauri huo una busara, kwani kadi ya picha huwa na vishindo vya ghafla vinavyozidi kiwango chake, na kifaa kisichosukumwa hadi mwisho hupata joto kidogo na kudumu zaidi. Wala mtu asiogope kuwa wati nyingi zitakula umeme mwingi. Kompyuta huchota kadiri inavyohitaji, haichoti kadiri ya maandishi ya sanduku.

Kinachogusa bili ni ufanisi. Alama ya 80 PLUS huonyesha kuwa kifaa kimepimwa na kuonekana kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia hutoka kwa ajili ya kazi. Juu ya ngazi hiyo zipo Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Ikiwa vipuri vinataka wati 200, kifaa chenye ufanisi wa asilimia 80 kitavuta wati 250 ukutani, na 50 zitageuka joto. Chenye asilimia 90 kitavuta wati 222 tu. Hata hivyo, alama hii hupima ufanisi, haipimi kinga. Kwa hiyo tutazame pia kama kifaa kina kinga dhidi ya volti kuzidi, mzigo kuzidi na shoti, ambazo huandikwa kwa herufi OVP, OPP na SCP. Tuulize na dhamana. Wapo watengenezaji wanaotoa miaka 5, 7, hata 10.

Yapo mambo manne zaidi ya kuangalia. Kwanza, baadhi ya pawa saplai za zamani na za bei ya chini zina swichi ndogo nyuma yenye namba 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wetu, huungua papo hapo. Pili, kompyuta nyingi zilizotumika maofisini huwa na pawa saplai za umbo na plagi za pekee, hivyo tusinunue nyingine bila kulinganisha. Tatu, nyaya zinazochomoka za kifaa kimoja zisitumiwe kwenye kifaa kingine hata zikiingia sawasawa, kwa sababu mpangilio wa upande wa pawa saplai haufanani, na kosa hilo huua diski mara moja. Nne, kisanduku hiki kisifunguliwe nyumbani. Ndani yake hukaa umeme wa zaidi ya volti 300, na kapasita zake huweza kuushika hata baada ya plagi kuchomolewa. Watoto waambiwe hivyo waziwazi.

Leo ofisi yetu ina pawa saplai nyingine, iliyonunuliwa baada ya kibandiko chake kusomwa kwa sauti mbele ya muuzaji. Iko nyuma ya UPS, ili umeme ukikatika tupate dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Na kila Alhamisi orodha za madrasa hunakiliwa kwenye diski ya pili inayofungiwa kabatini, maana hakuna kifaa kisichokufa. Bei iliyoongezeka ilikuwa ndogo kuliko ile ya ubao mama tuliouzika. Ama wale wazazi tuliowaomba risiti, hatuna namna ya kuwarudishia usumbufu wao. Tunachoweza ni kuwasihi wengine wasipite njia ile. Unapokwenda dukani, geuza sanduku, tafuta safu ya volti 12, zidisha, kisha ndipo utoe pochi.