Vitenzi Vikaidi vya Kiingereza

Katika nyumba nyingi za Maskati, hasa za wale jamaa ambao wazee wao waliondoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya 1964, wakarejea Oman tangu Sultani Qaboos aliposhika ufalme mwaka 1970, mtoto hukua baina ya Kiswahili cha bibi yake, Kiarabu cha mtaani na Kiingereza cha skuli. Na aghalabu mtoto huyo, aliyekuwa akisema went bila ya taabu, siku moja huanza kusema goed, mamake akaingiwa na hofu kwamba elimu inarudi nyuma. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto hakusahau, bali ametambua kanuni ya kuwa kitenzi cha Kiingereza hutiwa ed mwishoni kikielezea jambo lililopita. Na neno goed, ambalo hapana mtu mzima aliyelitamka mbele yake, ni ushahidi kwamba akili yake haiigi tu, inajenga.

Mwaka 1958 mtaalamu wa Kimarekani, Jean Berko, aliwatungia watoto vitenzi visivyokuwako, kimojawapo gling, akawataka waseme mtu aliyekifanya kitendo hicho jana alifanya nini. Watoto walio wengi walijibu glinged, ilhali watu wazima wengi walisema glang, kwa kufuatisha sing na sang. Basi ziko njia mbili: kanuni, ambayo humtumikia msemaji hata kwa neno alilolisikia leo, na hifadhi ya moyoni, ambayo huweka kila umbo kaidi peke yake au pamoja na ndugu zake.

Lakini kwa nini vikaidi hivyo havikufutika zamani? Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha hesabu yao: walikusanya vitenzi 177 vilivyokuwa nje ya kanuni katika Kiingereza cha kale, yapata miaka 1,200 iliyopita, wakaona 145 vilibaki hivyo katika Kiingereza cha zama za kati, na leo vimesalia 98. Help, kwa mfano, kilikuwa na holp yake. Sasa ni helped. Tena waliona kwamba kitenzi kinachotumika mara 100 chini ya mwenziwe hutii kanuni kwa kasi mara 10 zaidi, kwani umbo lisilosikiwa mara kwa mara hupotea katika kumbukumbu, na likipotea, kanuni hushika mahali pake. Ndiyo sababu be, have, do, go na say, vitenzi visivyokosekana katika mazungumzo ya saa moja, vyote ni vikaidi.

Kiswahili chetu kinaithibitisha hoja hiyo. Ile li ya wakati uliopita haina ubaguzi, lakini katika kuamrisha hatusemi kwa kanuni ile inayotazamiwa, bali njoo, nenda na lete, yaani maneno yale yale yanayosemwa nyumbani tangu asubuhi mpaka usiku.

Na mwanafunzi wa Maskati ana hazina nyingine. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya nane ambaye asili yake ni Oman, alipotunga kamusi yake, Kitab al-Ayn, huko Basra alipanga herufi kwa mahali zinapotamkiwa, akaziweka mwisho zile dhaifu ambazo hugeuka na kuanguka ndani ya kitenzi, kama katika qala na yaqulu. Aliyesomeshwa hayo, akajua pia jinsi kataba inavyokuwa kutiba kwa kubadili irabu huku konsonanti zimetulia, hawezi kustaajabu mbele ya sing, sang, sung. Nasaba baina ya mambo hayo mawili hapana; lakini sikio lililozoea moja hulipokea la pili kwa wepesi.

Kwa hiyo huona uchungu nikimkuta kijana anayejiandaa kwa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, ambako sayansi husomeshwa kwa Kiingereza tangu kilipofunguliwa mwaka 1986, akihifadhi orodha ya alfabeti inayoanza na arise, kitenzi atakachokihitaji kwa nadra. Mpeni kwanza vile vya kila siku, kisha koo zao: drink, ring, begin na swim pamoja; cut, put na shut, visivyobadilika kabisa; bring, think, buy na teach, ambavyo hukutana katika sauti moja.

Wala isidhaniwe kwamba safari ya vitenzi kuelekea kanuni ni ya upande mmoja. Wataalamu wa Harvard walikitaja wed kuwa ndicho kitakachotii karibuni. Lakini sneak, ambacho tangu awali kilisemwa sneaked, kilianza kusemwa snuck huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19, kikaenea hata leo kinaandikwa magazetini, kwa tabia ile ile iliyowafanya watu wazima wa Berko waseme glang.