Saratani ya Damu kwa Kijana Mwenye VVU

Saratani sugu ya damu aina ya mieloidi huanzia kwenye uboho, pale vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vinapobadilishana nafasi. Kromosomu fupi inayotokana na hitilafu hiyo iligunduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1960. Kazi yake ni kuchochea chembe nyeupe zizaliane bila kikomo: mtu mzima mwenye afya huwa nazo 4,000 hadi 11,000 hivi katika maikrolita moja ya damu, ilhali mgonjwa anaweza kupita 100,000.

Ugonjwa huu haumo katika orodha ya saratani zinazoashiria UKIMWI. Hata hivyo, kijana mwenye VVU akikonda, akipata homa na kutokwa jasho usiku, wengi hufikiria kifua kikuu kwanza. Bandama ikivimba, lawama huangukia malaria. Kipimo cha kawaida tu cha picha kamili ya damu hutosha kuamsha shaka.

Tiba ilibadilika mwaka 2001, imatinibu ilipoidhinishwa Marekani. Mtu mzima ambaye ugonjwa haujapamba moto humeza miligramu 400 kila siku, akiwa ameshakula, kwa glasi kubwa ya maji. Mtoto hupimiwa dozi kulingana na ukubwa wa mwili wake.

Dawa za kufubaza VVU (ARV) haziachwi. Ugumu uko kwenye ini, ambako imatinibu huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilevile vinavyoguswa na baadhi ya ARV. Efavirenzi huvichochea, na dawa ya saratani ikapungua mwilini. Ritonaviri huvizuia, na imatinibu ikazidi. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza imatinibu zaidi. Dolutegraviri haina usumbufu huo, ndiyo maana hufaa. Zidovudini ni bora iepukwe, kwani hudhoofisha uboho ambao tayari unaumwa.

Kwa hiyo daktari wa saratani na kliniki ya huduma na matibabu ya VVU (CTC) sharti waone orodha moja ya dawa, mitishamba ikiwamo. Kila miezi mitatu hupimwa masalia ya jeni lenye hitilafu linalotokana na kromosomu hiyo fupi: lengo ni yasizidi asilimia 10 baada ya miezi mitatu ya tiba na asilimia 0.1 baada ya mwaka mmoja. Kiwango cha virusi nacho hufuatiliwa kwa ratiba yake.

Imatinibu huweza kuvimbisha kope asubuhi na kukaza misuli. Kijana anayechelea maswali ya wenzake shuleni anaweza kuruka dozi kimyakimya, hivyo aulizwe mapema, bila kukaripiwa. Msichana aelezwe pia kwamba dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kwamba ujauzito hupangwa pamoja na daktari kabla haujatungwa.