Ndege Mmoja, Madume wa Namna Tatu: Mgeni Wetu wa Garsen

Ukitoka Garsen kuelekea Witu baada ya mto kufurika, tazama kando ya vidimbwi na mashamba ya mpunga. Utaona ndege wa kahawia, miguu mirefu, wakidonoa topeni. Ni jamii ya chokowe. Wataalamu wanamwita Calidris pugnax, na jina hilo la pili maana yake ni mgomvi.

Huanza kufika Agosti kutoka Siberia, na mnamo Aprili, kusi ikianza, huondoka. Akiwa kwetu hana ugomvi wala pambo. Amekuja kula wadudu, minyoo na punje zilizodondoka. Ugomvi uko kwao, Mei na Juni, madume wanapokusanyika uwanjani kushindania majike.

Hapo ndipo maajabu. Madume ni wa namna tatu. Walio wengi huota manyoya marefu shingoni, meusi au mekundu, na kila mmoja hulinda kipande chake cha uwanja kwa vita. Wa pili huota manyoya meupe. Hapigani, hujikaribisha kwa mwenzake, naye humvumilia, kwa kuwa wakiwa wawili majike huvutika zaidi. Wa tatu, wachache mno, haoti manyoya hayo kabisa. Amefanana na jike, hivyo hupenya kimyakimya na kumpanda jike huku wakubwa wakigombana. Huyu alitambuliwa na wataalamu mwaka 2006 tu!

Wala si tabia ya kujifunza. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kipande cha kromosomu kiligeuka juu chini miaka kama milioni 3.8 iliyopita. Dume asiye nacho ndiye mpiganaji. Mwenye nacho hufuata mojawapo ya njia zile mbili. Subhanallah, zote tatu zimedumu kwa sababu kila moja huzaa.

Lakini zote zinategemea wakati. Kiangazi cha Siberia ni kifupi, na jike hutaga mayai manne na kulea peke yake. Akiondoka huku amekonda, atachelewa, na mwaka huo umempita.

Kwa hiyo shibe yake ni maji na tope la delta yetu, iliyoingia orodha ya Ramsar mwaka 2012. Mkulima ana haki ya kulinda mpunga wake dhidi ya kwelea kwelea. Ila sumu haichagui. Kabla ya kunyunyiza, tuangalie kwanza nani mwingine amelala pale.